Kijitu cha Krismasi Kifanye Utundu, Kisifanye Upelelezi

Mwishoni mwa Novemba, sikukuu ya Shukrani ikishapita, wazazi wengi wa Marekani huanza kazi ya usiku. Watoto wakilala, mama au baba huchukua kijitu cha kitambaa cha sentimeta 30 hivi, chenye kofia nyekundu ya ncha, kola nyeupe, miguu mirefu myembamba na macho yanayotazama pembeni kana kwamba kimefumaniwa, kisha hukipanga mahali ambapo jana hakikuwapo. Kukicha, watoto huamka mbio kukitafuta. Leo kimening'inia kwenye taa, kesho kimejifungia ndani ya friji kimevaa soksi ya mtoto kama koti, keshokutwa kimekaa ukingoni mwa sinki na ufito wa kuvulia samaki. Mchezo huendelea hadi mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, kijitu kinapoaga na kurudi kwa Baba Krismasi. Umekwisha vuka mipaka na kuingia Kanada na Uingereza, na kwa kuwa hata walimu wengine hukiweka darasani, mzazi aliyehamia huko kutoka Mombasa au Bujumbura huenda akaulizwa na mwanawe kwa nini nyumbani kwao hakijafika.

Ni desturi changa kuliko inavyoonekana. Vijitu vya kukumbatia magoti, vilivyotengenezwa Japani, viliuzwa madukani Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, navyo vilikuwa mapambo tu. Mwaka 2005 ndipo Carol Aebersold na binti yake Chanda Bell, wakazi wa jimbo la Georgia, walipochapisha kitabu kidogo chenye mashairi pamoja na mwanasesere wake, wakakiita The Elf on the Shelf. Walichota katika mchezo wa nyumbani kwao, walikokuwa na kijitu chao kiitwacho Fisbee tangu miaka ya 1970. Wachapishaji walikuwa wamewakataa, wakajichapishia wenyewe. Mwaka 2007 mwigizaji Jennifer Garner alipigwa picha akiwa na boksi la bidhaa hiyo mkononi, mauzo yakapanda, na kufikia 2012 puto kubwa la kijitu hicho lilipeperushwa katika gwaride la Shukrani la maduka ya Macy's jijini New York. Kwa desturi isiyotimiza hata miaka kumi, huo ni mwendo wa kasi.

Ndani ya mchezo huu mna kazi mbili zilizofungwa pamoja, na hoja yangu ni kwamba zafaa kutenganishwa. Kazi ya kwanza ni ile iliyoandikwa kitabuni: kijitu ni jicho la Baba Krismasi. Mchana humtazama mtoto, usiku huruka hadi Ncha ya Kaskazini kutoa ripoti nani kawa mwema na nani kakosa, na alfajiri hurudi kikakaa mahali pengine ili ijulikane kwamba kilisafiri. Kazi ya pili ni utundu. Kitabu chenyewe hakikuamuru kijitu kimwage unga mezani wala kichore masharubu kwenye picha za ukoo. Hayo yalikolezwa na wazazi majumbani, wakaambukizana, hadi leo mtu akitaja kijitu cha Krismasi wengi hukumbuka vituko vyake kabla ya ripoti zake. Nasema wazazi waliona mbali kuliko kitabu. Utundu ndio wenye thamani kwa mtoto. Upelelezi ungeweza kuachwa kesho na mchezo usipungukiwe na kitu.

Tuangalie kwanza kwa nini pozi nzuri humchekesha mtoto. Mwanasaikolojia Paul McGhee, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu ucheshi wa watoto, alieleza kwamba kicheko cha mtoto mdogo huanzia kwenye jambo lisiloafikiana na anachokijua: kitu kutumiwa kwa kazi isiyo yake, au kuwa mahali pasipo pake. Mtoto hawezi kucheka soksi iliyogeuzwa koti mpaka awe amekwisha elewa soksi ni nini na huvaliwa wapi. Kicheko chake, kwa hiyo, ni dalili kwamba ameuelewa ulimwengu kiasi cha kutambua umepinduliwa. Ndiyo maana pozi zinazofaulu huegemea vitu vya kila siku vya nyumba hiyohiyo. Kijitu kikioga kwenye bakuli lililojaa pamba, au kikiwa kimelala ndani ya boksi la tishu na tishu moja ndiyo shuka, au kimezichorea ndizi zote za kwenye fungu macho na midomo, mtoto wa miaka minne hahitaji maelezo. Kijitu kilichosimamishwa tu juu ya kabati, hata kama kimehamishwa kutoka kabati la jana, hakina la kuchekesha; ni samani iliyosogezwa.

Lakini kichekesho peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wapangaji hodari wanapojitenga na wengine. Pozi bora huonyesha kitendo kilichokatizwa katikati. Ufito wa kuvulia una uzi unaoning'inia ndani ya sinki, na kwenye ndoana pamenasa biskuti yenye umbo la samaki. Pembeni kuna samaki wawili waliokwisha vuliwa, mmoja kaliwa kichwa. Mtoto huisoma picha hiyo kama mpelelezi: kilianza saa ngapi, kimevua wangapi, huyu aliyeliwa kaliwa na nani? Unga wa ngano uliomwagwa juu ya sinia, ukiwa na alama ya mikono na miguu ya kijitu kilichojilaza na kupunga viungo kama watoto wa nchi za baridi wafanyavyo thelujini, ni mfano mwingine. Kijitu chenyewe chaweza kuwa mita mbili kutoka hapo, kimejaa unga magotini, kimekaa kimya. Alama ndiyo inayosimulia. Vivyo hivyo kamba iliyofungwa kutoka juu ya pazia hadi mguu wa meza, na kijitu kikiteremka kwa kushikilia pipi ya umbo la fimbo: kuna kilikotoka na kuna kinakokwenda, na kati ya hapo mtoto hujaza hadithi mwenyewe.

Kuna utafiti unaosaidia kueleza nguvu ya alama hizo. Mwaka 2004 Jacqueline Woolley na wenzake, huko Texas, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali. Waliwasimulia habari za kiumbe kipya waliyembuni wao wenyewe, Mchawi wa Pipi, ambaye usiku wa Halloween huchukua peremende za mtoto na kumwachia kitu cha kuchezea. Baadhi ya wazazi waliombwa kufanya mabadilishano hayo kwa siri usiku. Watoto wakubwa zaidi katika kundi hilo, walioamka na kukuta kitu kimebadilika, waliamini zaidi kuliko wenzao waliosimuliwa tu. Maana yake, imani ya mtoto haikutokana na upumbavu. Aliupima ushahidi aliowekewa akafikia uamuzi unaolingana nao. Mzazi anayemwaga unga mezani anampa mwanawe jambo la kulifikiria, na mtoto huitumia akili yake yote.

Sasa turudi kwa kijitu mpelelezi. Mwaka 2014 Laura Pinto na Selena Nemorin waliandika makala iliyotolewa na kituo kimoja cha sera nchini Kanada wakilalamika kwamba kijitu hiki humzoesha mtoto kuchunguzwa na mamlaka asiyoweza kuihoji, tena ndani ya nyumba yake. Walichekwa sana. Wengi waliona ni wasomi kupoteza muda kwa mwanasesere, na mimi naona kwamba kudai kijitu kinaandaa raia wa dola la kipolisi ni kukibebesha mzigo usio wake. Hata hivyo shina la lalamiko lao ni zito. Mtoto anayeambiwa acha kumpiga mdogo wako, kijitu kinaona, amefundishwa kwamba ubaya wa kumpiga mdogo wake ni kuonekana. Pwani tunaijua mbinu hiyo kwa jina jingine: nyamaza, zimwi linakuja. Hunyamazisha usiku mmoja, na mtoto akikua akagundua hakuna zimwi, mzazi hubaki mikono mitupu.

Atakayejibu kwamba nidhamu ya Desemba ni nidhamu pia, na kwamba mzazi aliyechoka ana haki ya kutumia chochote kilicho karibu, ana hoja. Ahadi ya zawadi ni hongo, nayo hufanya kazi kwa muda mfupi. Tatizo ni kinachofuata. Katika jaribio mashuhuri la 1973 la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye utepe endapo wangechora. Walichora, wakapewa. Wiki moja au mbili baadaye, cheti kikiwa hakipo tena, walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kuchora si sawa na kuwa mwema, nakubali, na haifai kulivuta jaribio hilo mbali mno. Lakini linatosha kututia shaka tunapompa mtoto bei ya jambo ambalo huenda angelitenda bila malipo. Na tarehe 26 Desemba hakuna kijitu, hakuna zawadi inayosubiriwa, na mdogo wake bado yupo.

Geuza mambo uone. Kijitu kikiwa ndicho mkosaji, mtoto hupandishwa cheo. Anayemwaga unga si yeye. Anayeamriwa kila siku kupanga viatu na kutocheza na maji, asubuhi moja anakuta kiumbe kidogo kuliko yeye kimefanya yote anayokatazwa, naye ndiye anayejua kanuni na kuzisema. Tamaduni zetu hazikosi wakosaji wa namna hii: Sungura na Abunuwasi wamewachekesha watoto wa Kiswahili vizazi na vizazi kwa sababu hufanya yasiyofanywa, na hakuna mtoto aliyehitaji kuogopeshwa nao. Pozi zinaweza kuongozwa na wazo hilo hadi mwisho. Kijitu kimenasa ndani ya chupa tupu ya asali na kikaratasi kidogo kinaomba msaada. Kimekata tamaa mbele ya kamba za viatu kilizozifunga mafundo. Kimejaribu kukunja nguo, rundo likakiangukia. Mtoto akisaidia kuzikunja, hakuna ripoti iliyopelekwa popote. Amesaidia kwa kuwa kuna aliyekwama.

Pingamizi la uongo ndilo huwaumiza wazazi waadilifu zaidi. Je, ni halali kumdanganya mtoto kwa mwezi mzima? Carl Anderson na Norman Prentice waliwahoji mwaka 1994 watoto 52 waliokuwa wameacha kumwamini Baba Krismasi. Wengi walikuwa wamegundua wenyewe, wakiwa na umri wa miaka saba hivi, na kwa jumla waliipokea habari vizuri. Waliohuzunika zaidi ni wazazi. Nadhani tofauti iko katika kilichojengwa juu ya hadithi. Aliyechekeshwa akigundua mchezo hucheka mara ya pili, na mara nyingi hugeuka mshirika: dada wa miaka tisa huwa mpangaji mwenye bidii kuliko mama yake, maana anajua hasa nini kitamfanya mdogo wake apige kelele. Aliyetishwa akigundua hana cha kucheka.

Yako pia malalamiko ya wazazi wenyewe, na haya sina hamu ya kuyapinga. Mchezo huu unachosha. Mwaka 2021 jaji Robert Leonard wa kaunti ya Cobb, Georgia, alitoa kwa mzaha amri ya kuvifukuza vijitu hivyo katika kaunti yake, kama zawadi kwa wazazi waliochoka, na wengi waliipokea kwa furaha. Sehemu ya uchovu huo hutokana na kushindana kwa picha kwenye mitandao, mpaka mtu anatengeneza jukwaa zima la karatasi saa sita za usiku kwa ajili ya macho ya wageni. Kuna pia chakula kinachomwagwa, na hapo naona aibu ni halali: unga kiganja kimoja juu ya sinia, unaochekechwa na kurudishwa jikoni, hutosha kabisa. Bidhaa yenyewe si lazima inunuliwe. Sungura wa kitambaa aliyekwisha chakaa ataweza kazi hiyohiyo. Wanaohofia kwamba kijitu kitafunika habari ya Bethlehemu wanaweza kukiweka mbali na pango la kuzaliwa Yesu na kukipa jikoni peke yake. Wayahudi nao, kwa ajili ya Hanuka, wamejipatia mwanasesere wao, Mensch on a Bench, aliyebuniwa na Neal Hoffman.

Imebaki kanuni moja ya kitabu ambayo ningeifuta kwanza kabla ya zote: kwamba mtoto asikiguse, kwani akikigusa uwezo wake wa ajabu hupotea. Akikosea, huambiwa aandike barua ya kuomba radhi, aimbe, au anyunyize mdalasini karibu nacho. Kanuni hiyo huwasaidia wazazi, si watoto, nayo huleta kilio kisicho na sababu kwa mtoto wa miaka mitatu aliyemkumbatia mwanasesere, jambo ambalo wanasesere walitengenezewa. Mwacheni akichukue, akilishe uji, alale nacho. Mkiweza kukichomoa mikononi mwake usiku bila kumwamsha, kipangeni mpendavyo. Mkishindwa, atakikuta asubuhi kimelala fofofo kwenye mto wake, na hiyo ni pozi kamili ya siku hiyo.