Vifuu vya Nazi, Drili na Macho Yako

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu kifuu cha nazi hakina heshima. Nazi ikishakunwa, kifuu huenda jalalani au hutiwa jikoni kuwashia moto. Bibi zetu hawakukidharau namna hiyo. Walikifanya kata ya kuchotea maji mtungini na upawa wa kupakulia mchuzi, wakakikwangua kwa kigae cha chupa mpaka kikang'aa. Leo kifuu kile kile kinaweza kuwa taa ya sebuleni, bakuli la mezani au chungu cha ua dirishani, na kwa msaada wa mashine za umeme akina mama wa kikundi kimoja wanaweza kumaliza mchana mmoja kazi ambayo bibi angeifanya wiki nzima.

Wako wanaosema mashine ni za wanaume. Mimi sikubaliani nao. Katika Kutoka sura ya 35 wanawake wenye ujuzi walifanya kazi ya mikono yao kwa ajili ya hema ya Bwana, wala hakuna aliyewarudisha jikoni. Ila mashine haiulizi kama wewe ni mama au baba, wala kama umeokoka. Hukata kilicho mbele yake.

Tuanze na taa, maana ndiyo inayopendeza kuliko vyote. Chagua kifuu cha nazi iliyokomaa kisicho na ufa. Gonga kwa kucha na usikilize: chenye ufa hutoa sauti iliyopasuka. Kata juu kwa msumeno wa mkono, toa nyama yote, kisha kianike kivulini siku kadhaa, kwa sababu jua kali hukipasua. Nyuzi za nje zikwangue kwa kisu, halafu upige msasa, kwanza namba 80, kisha 120, mwisho 240. Chora maua au nyota kwa penseli, na kila penye tundu gonga alama ndogo kwa msumari ili biti ya drili isiteleze. Laza kifuu juu ya mfuko wa kitambaa uliojaa mchanga, mwenzako akishike kwa koleo au kibanwe kwenye jiriwa. Kamwe usikishike kwa kiganja huku unatoboa. Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, kisha panua hadi 6. Waya upite kwenye lile jicho laini, mojawapo ya matatu ya nazi, ambalo hutoboka bila shida. Tumia balbu ndogo ya LED isiyotoa joto kali. Mshumaa usiweke, kifuu ni kuni nzuri mno!

Kwa anayeanza, drili na mashine ndogo ya msasa zinatosha. Grenda iacheni kwa fundi. Nyingi ya zile ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na kisahani kikikwama kwenye kifuu cha mviringo mashine hurukia aliyeishika.

Hatari ya kwanza, dada zangu, ni mavazi yetu. Khanga iliyofungwa kiunoni, mtandio, mikono mipana ya gauni, rasta ndefu, mkufu: biti inayozunguka huvikamata kabla hujawahi kuita jina la Yesu. Funga nywele, vaa blauzi ya kubana na viatu vilivyofunika vidole. Glovu za kitambaa nazo zivuliwe unapotumia drili, kwani huvutwa pamoja na mkono.

Pili ni macho. Kifuu hurusha vipande vyenye ncha, na miwani ya kusomea haikingi pembeni. Nunueni miwani ya kinga inayofunika pande zote, walau moja kwa kila mashine, kabla ya kununua drili ya pili. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mjenzi wa nyumba aweke ukuta wa kinga darini ili mtu asianguke akafa. Sioni kwa nini agizo hilo lisihusu meza ya kazi nyuma ya kanisa.

Vumbi likiingia jichoni, usisugue. Mimina maji safi mengi kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Kama kipande kimechoma jicho, usikitoe wala usioshe. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, uende hospitali siku hiyo hiyo. Sisi wauguzi tunajua yanayofanywa nyumbani: kukamua maziwa ya mama jichoni, kulamba kwa ulimi, kutia maji ya majani. Vyote hivyo huingiza vijidudu kwenye kidonda, na kovu likibaki mbele ya mboni, uwezo wa kuona hupungua.

Vumbi la kupumua halionekani kutisha, lakini linadhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu. Mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulithibitisha kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Nami sitangoja vumbi la kifuu lifanyiwe hukumu yake. Pigeni msasa nje, upepo ukiwa mgongoni, mkiwa na barakoa ngumu kama zile zilizovaliwa na wahudumu wa afya wakati wa Uviko-19 mwaka 2020. Kitambaa cha kawaida hupitisha vumbi jembamba. Watoto wakae mbali, na plagi ichomolewe kila mnapobadilisha biti.

Taa ipakwe vanishi tabaka mbili, mahali penye hewa. Bakuli la chakula lisipakwe vanishi. Mafuta ya nazi yanatosha, yakirudiwa kila yanapokauka. Vipande vilivyobaki msitupe. Vikilainishwa na kutobolewa matundu mawili ya milimita 2, ni vifungo vya blauzi.