Mke wa Hondohondo

Safari moja wakati wa mvua tulitoka Kibwezi, vilima vya Chyulu vikiwa nyuma yetu, tukavuka mto Athi kwenda Mutomo na Kitui, tukiwa na darubini na kamera. Njiani tulimwona hondohondo dume, mdomo wake mwekundu wenye ncha ya manjano, akirukia mbuyu mkubwa. Mkewe hakuonekana, kwani alikuwamo ndani ya mti.

Jike atakapo kutaga huingia katika shimo la mti, akaliziba kwa tope na mavi yake mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hunyonyoka manyoya ya kurukia, akaatamia. Chakula hupewa na mumewe kwa ufa ule: panzi, mijusi, matunda. Mume asipokuja, mama na watoto hulala njaa.

Basi sisi tulikosa. Kwa kutaka picha nzuri tulisogea mno. Mume alitua mti wa mbali, panzi mdomoni, akatutazama tu. Tulingoja, tukijiona wavumilivu, kumbe sisi ndio tuliomzuia! Bwana wetu aliposema tuwatazame ndege, hakusema tuwazingire. Tuliporudi nyuma hatua hamsini hivi, akaja mara moja.

Ndege huyu hawezi kujichongea shimo. Hutegemea miti mikongwe, nayo hukatwa kwa makaa. Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilikataza makaa yasisafirishwe nje, lakini mti uliokwisha kuanguka haurudi kwa amri.

Picha tuliyoipata ni ya mbali, na ndege ni mdogo sana ndani yake.