Mtafute Daktari Wako Kabla Hujaugua

Mkulima akitaka ng'ombe wa maziwa hafanyi haraka. Huuliza ametoka boma gani na mama yake alikuwa akitoa maziwa kiasi gani. Humpapasa kiwele, na pengine hurudi siku ya pili amwone akikamuliwa. Lakini mkulima yuyo huyo akihamia shamba jipya, au daktari aliyemzoea akihamishwa, hungoja mpaka mtoto achemke kwa homa usiku, ndipo ampeleke kwa mtu yeyote mwenye mlango ulio wazi.

Kwanza yafaa ujue unamtafuta nani. Si bingwa wa hospitali kubwa, bali yule utakayemwendea kabla ya wote, naye akujue wewe na nyumba yako. Katika Kenya huduma za afya zimepangwa kwa ngazi sita. Ya kwanza ni kijijini, kwa mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Ya pili ni dispensari, ya tatu kituo cha afya, kisha hospitali ya kaunti ndogo, ya kaunti, na mwisho zile za taifa kama ya Kenyatta, Nairobi, na ya Moi, Eldoret. Katika dispensari mara nyingi utamkuta muuguzi, na katika kituo cha afya utamkuta ofisa wa kliniki. Wako wanaowadharau hawa, wakapanda matatu kwenda mjini kwa kikohozi. Si haki. Ofisa wa kliniki mwenye diploma amesoma miaka 3, akafanya mazoezi ya mwaka 1 hospitalini, na maradhi mengi ya mashambani huyaona kila siku.

Tena kuna faida ya fedha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imeshika mahali pa NHIF. Kwa utaratibu huo, aliyejiandikisha hutibiwa magonjwa ya kawaida katika dispensari na vituo vya afya vilivyo na mapatano na SHA, na gharama hulipwa na mfuko wa serikali. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#, ukiwa na kitambulisho chako. Bali huduma za hospitali kubwa zahitaji mchango wako uwe umelipwa.

Ukienda kliniki ya mtu binafsi, usione haya kutazama ukutani. Leseni inatakiwa iwe hapo, na iwe ya mwaka huu. Madaktari huandikishwa na baraza liitwalo KMPDC, na maofisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao. Majina ya madaktari yako katika intaneti. Kijana wako mwenye simu atakutazamia kwa dakika chache. Wewe hukwangua kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti ya mbegu ujue kama ni mbegu halali. Je, mwili wako ni duni kuliko mahindi? Na koti jeupe si leseni.

Baada ya hayo, waulize majirani, lakini uliza vizuri. Ukiuliza, "Je, ni mzuri?" utajibiwa, "Ndiyo, ana sindano kali." Uliza badala yake kama huwasikiliza watu, kama hupima kabla ya kutoa dawa, na kama aliwahi kumwambia mgonjwa, "Hili limenizidi, nakuandikia barua uende hospitali." Mtu wa namna hiyo ni wa kumshika. Anayempiga kila mgonjwa sindano mpite mbali.

Liko jambo moja ambalo kwa mfugaji ni kipimo kikubwa cha daktari: je, alikuuliza habari za mifugo yako? Chukua ugonjwa wa brusela. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa na kondo lake. Huleta homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo. Mtu aweza kuzunguka miezi mingi akimeza dawa zisizo zake, huku ugonjwa ukiingia katika uti wa mgongo, hata kuinua jembe kukamshinda. Daktari mwangalifu hupima malaria kwanza, maana homa si malaria mpaka damu iseme hivyo. Asipoiona, huuliza: Wafuga nini? Je, ng'ombe ametupa mimba? Maziwa mwayachemsha? Kisha hupima damu, wala hategemei kile kipimo cha haraka peke yake, kwa sababu hicho hudanganya mara nyingi. Akiuthibitisha, kwa kawaida hutoa dawa mbili pamoja kwa majuma 6, na hukueleza kwamba ukiziacha katikati kwa kuwa umepata nafuu, ugonjwa hurudi.

Vivyo hivyo kwa dawa za kunyunyizia mimea. Ukiumwa kichwa na kutapika jioni baada ya kupulizia nyanya, chukua kopo lenye jina la dawa, au karatasi yake, ukamwonyeshe. Asiyejali kulisoma hakufai.

Nawe una sehemu yako. Weka daftari moja la matibabu kwa kila mtu wa nyumbani, na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kisipotee. Dawa unazotumia zitie mfukoni uende nazo, hata za miti shamba, wala usizifiche. Ukiwa huko, uliza pia usiku hukaa nani, maana dispensari nyingi hufungwa jioni, na kina mama hawachagui saa ya uchungu.

Safari ya kwanza ifanye ukiwa mzima, siku isiyo ya soko, foleni ikiwa fupi. Omba upimwe shinikizo la damu. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi, utaambiwa urudi siku nyingine upimwe tena, rudi. Likiwa chini ya hapo, mwombe aandike hesabu hiyo katika daftari lako, pamoja na tarehe.