Jiwe Lile Uliloweka Nyumbani, Unajua Jina Lake?



Kwetu huku Katanga, ni nyumba gani isiyokuwa na jiwe? Moja linazuia mlango, lingine mama anapondea karanga, lingine mutoto alilileta toka njia ya masomo juu liling'aa. Lakini nikiwauliza vijana wa kwaya, "Hili ni jiwe gani?", jibu ni moja tu: "Pasta, hiyo ni madini." Madini gani? Hapo kimya.

Basi mwezi huu tuketi pamoja, wazazi na watoto, tujifunze kidogo. Usiseme hii ni kazi ya wenye diplome. Ayubu mwenyewe, sura ya 28, alijua habari za watu wanaoshuka chini ya ardhi kutafuta shaba, na hakuwa injinia.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Angalia sahani ya sombe. Ndani mna majani, mafuta ya ngazi, chumvi, na kama siku ni nzuri, samaki kidogo. Sahani yote ile ndiyo mfano wa mwamba: ni mchanganyiko. Kila kitu kimoja kimoja kilichomo ndicho mfano wa madini. Na chumvi si mfano tu, ni madini kweli. Chukua punje moja ya chumvi kubwa uiangalie vizuri, utaona ina pembe sawasawa kama kasanduku kadogo.

Miamba nayo ina jamaa tatu. Kuna ile iliyotoka kwenye moto wa chini, kama mawe meusi ambayo Nyiragongo ilimwaga juu ya Goma mwaka 2002. Kuna ile iliyojengeka polepole kwa mchanga, udongo na chokaa vilivyotulia majini. Na kuna ile iliyokuwa ya namna moja, kiisha joto na uzito wa ardhi vikaigeuza, kama marumaru, ambayo zamani ilikuwa jiwe la chokaa. Shaba yetu ya Kolwezi na Likasi inakaa zaidi katika jamaa ya pili. Ndiyo maana mchimbaji anaweza kufuata mstari wa madini ndani ya mwamba kama mtu anayefuata kurasa za kitabu.

Sasa namna ya kulijua jiwe. Watu wengi wanaanza na rangi, na hapo ndipo wanapodanganyika. Rangi ya nje ni kama nguo ya siku ya Mungu: haikuonyeshi mtu jinsi alivyo siku ya kazi. Lichukue jiwe ulikwaruze nyuma ya kipande cha karo, upande ule usiong'aa, uangalie unga unaobaki. Zahabu inaacha mstari wa manjano. Pirite, ambayo inang'aa kama zahabu na imeliza vijana wengi, inaacha mstari mweusi wenye ukijani. Karo moja iliyovunjika, bei yake bure, ingemwokoa mtu na deni la miezi.

Kiisha jaribu ugumu. Mwaka 1812 mtaalamu mmoja, Friedrich Mohs, alipanga madini kwa daraja 10, toka lile laini kabisa, talki, mpaka almasi. Ukucha wako una ugumu wa 2 na nusu hivi. Kisu na kioo ni 5 na nusu hivi. Kwatzi, lile jiwe jeupe lililojaa kila fasi, ni 7: linakwaruza kioo cha chupa pasipo shida. Malakiti, jiwe letu la kijani, haifiki hata 4 na nusu, basi kisu kinaikwaruza. Unga wake ni kijani chepesi.

Tena kuna uzito. Shika mawe mawili ya ukubwa mmoja, moja kila mkono. Lita moja ya maji ni kilo 1. Kwatzi ya ukubwa ule ule ni kilo 2 na nusu na zaidi kidogo. Malakiti safi ni karibu kilo 4. Mababu zetu hawakuwa na mizani, lakini waliijua malakiti. Waliiyeyusha katika matanuru waliyojenga kwa udongo wa kichuguu, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyofika mbali katika biashara. Wazungu walipokuja, kazi ile ilikuwa ya zamani tayari.

Jiwe jeusi ndilo gumu kulitambua. Eterojenite, yenye kobalti, ni nyeusi. Manganezi ni nyeusi. Kuna chuma nyeusi pia, lakini ile inavutwa na sumaku. Kati ya mbili za kwanza jicho halitoshi, hata la mchimbaji mzee. Ni lazima mashini au laboratwari.

Na kuna jeusi lingine. Kijana mmoja wa kanisa aliniita kwao anionyeshe "utajiri" wake. Alivuta jiwe toka chini ya kitanda, kitanda anacholala na wadogo zake wawili. Jeusi, zito ajabu, na pembeni lina rangi ya manjano na machungwa. Alilinunua kwa mtu njiani. Alikuwa akingoja mnunuzi miezi mingi. Mimi sikujua ni nini, lakini uzito ule ulinitia hofu. Tulimwita mwalimu mmoja wa jeolojia. Alikuja na kifaa cha kupima miale, na alipokikaribisha kitandani kikaanza kulia trrr, trrr. Mama wa kijana alishika mdomo.

Ilikuwa uranium. Karibu na Likasi, fasi ya Shinkolobwe, madini haya yaligunduliwa mwaka 1915, na toka kule ilitoka sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa katika bomu la Hiroshima, mwaka 1945. Mwaka 2004 serikali ilikataza watu kuchimba pale kwa mikono. Lakini hata Musonoi, karibu na Kolwezi, madini ya uranium yamepatikana pamoja na shaba, na mengine ni kijani kizuri, kama vijisindano au vibao vyembamba. Mutoto anaweza kusema ni malakiti.

Miale haionekani, haina harufu. Vumbi lake ndilo baya zaidi, likiingia kwa pumzi au kwa chakula. Kwa hiyo jiwe zito usilolijua, hasa lenye manjano na machungwa, usilivunje, usililambe, usililete ndani. Nawa mikono, kiisha tafuta anayejua.

Mwalimu alilichukua lile jiwe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mama akataka kufagia mara moja. "Hapana, mama," akamwambia, "ufagio utarusha vumbi. Pangusa na kitambaa chenye maji." Akapangusa, tukamletea maji mengine, akapangusa tena. Wale wadogo wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja akauliza kama usiku ule watalala wapi. Walilala kwetu.