Gari la dizeli likigoma baada ya kubadili mkanda wa taimingi, usikimbilie kulaumu pampu

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa korosho ukishaanza mwezi Oktoba, gari lililolala gereji ni hasara ya kila siku. Mjini Masasi, na katika vijiji vya njia ya kwenda Newala, sehemu kubwa ya magunia hutoka shambani kwa Hilux na Hiace za dizeli zilizokwisha kutumika miaka mingi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, korosho lazima ifike kwanza kwenye ghala la chama cha msingi ndipo iingie mnadani. Mkulima anayekosa usafiri huishia mikononi mwa walanguzi wa kangomba, akauza kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana wenye magari wengi hupeleka magari yao gereji mapema kubadilisha mkanda wa taimingi. Ni uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba yapo magari yanayoingia gereji yakitembea na kutoka yakivutwa. Mkanda mpya umefungwa, ufunguo unazungushwa, injini haiwaki, au inawaka na kutoa moshi mweupe huku ikikosa nguvu. Mara nyingi jibu la kwanza analopewa mwenye gari ni kwamba pampu ya dizeli imekufa. Pampu inafunguliwa, inasafirishwa Mtwara au Dar es Salaam, na fedha za msimu zinaanza kuteketea.

Pampu iliyokuwa nzima asubuhi haifi mchana kwa sababu mkanda umebadilishwa. Kabla ya kuigusa, kuna mambo ya kukagua ambayo hayahitaji zaidi ya spana na uvumilivu.

Kwanza tuelewe kazi ya mkanda wenyewe. Katika injini za Toyota za 2L, 3L na 5L, ambazo ndizo zilizofungwa kwenye Hilux na Hiace nyingi za zamani, mkanda mmoja wenye meno huunganisha kranki shafti, kamshafti na pampu ya dizeli. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti na pampu huzunguka mara moja. Kila puli ina alama yake. Alama moja ikipishana na mahali pake kwa jino moja tu, ama dizeli inapulizwa wakati usiofaa, ama valvu zinafunguka wakati usiofaa. Alama zikipishana sana, pistoni inakutana na valvu, na hapo hatuzungumzii tena mkanda bali silinda hedi.

Sasa tazama ekzosi wakati stata inazungusha injini. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Usifikirie taimingi kwanza. Angalia waya mdogo unaofungwa juu ya pampu, ule wa swichi inayokata dizeli; fundi huuchomoa apate nafasi ya mikono na kuusahau. Halafu angalia hewa. Kama paipu au filta ya dizeli ilifunguliwa, hewa imeingia. Bonyeza kwa mkono pampu ndogo iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe.

Kama moshi mweupe unatoka kwa wingi lakini injini haiwaki, dizeli inafika ila haiungui. Hapa ndipo alama za taimingi zinapopaswa kukaguliwa upya, hasa ya pampu, kwa sababu pampu iliyochelewa kwa jino moja hutoa dalili hiyohiyo. Plagi za kupasha moto nazo zisisahaulike. Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kutosha kuifanya injini yenye plagi mbovu ijifanye imekosea taimingi. Gari likigoma asubuhi tu na kuwaka vizuri mchana, anza na plagi.

Dalili ya tatu ni mlio. Injini inawaka mara moja lakini inagonga kwa nguvu kama nyundo juu ya chuma, kuliko ilivyokuwa kabla ya kwenda gereji. Hapo huenda pampu imewahi. Injini hiyo isipakiwe mzigo.

Kosa hili hutokeaje ilhali fundi aliziona alama zimekaa sawa? Aliziona sawa mkanda ukiwa bado haujakazwa. Pampu ina springi ndani yake, na kamshafti inasukumwa na springi za valvu. Mkanda ukitolewa, puli huruka zenyewe kutoka kwenye alama. Fundi huirudisha na kuvisha mkanda, lakini upande mmoja unabaki umelegea. Tenshena inapoachiwa kuvuta, ule ulegevu unaisha na puli inasogea jino zima. Kwa hiyo kuangalia alama mara moja hakutoshi. Tenshena ikiwa imeachiwa ivutwe na springi yake, kranki izungushwe kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili kufuata upande inaozungukia injini. Kisha boliti za tenshena zikazwe na alama zote tatu zikaguliwe tena. Ikigota njiani, simama. Kuna kitu kimekutana na kitu, na kulazimisha kwa stata ni kupinda valvu.

Wapo pia mafundi wanaoukaza mkanda kwa kuupiga mtaimbo ili usilegee. Mkanda wa namna hiyo huimba, na beringi ya tenshena haidumu.

Mwenye gari akague jambo jingine: nati zinazoshikilia pampu. Pampu ina nafasi ndogo ya kuzungushwa kulia na kushoto kwa ajili ya kurekebisha taimingi kidogo. Ukikuta imezungushwa mpaka mwisho wa nafasi hiyo, ujue huenda kuna jino lililokosewa na mtu amejaribu kulificha.

Kuhusu muda wa kubadilisha, Toyota nyingi za aina hii huwasha taa ya T-BELT kwenye dashibodi zikifika kilomita 100,000. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika Japani linaweza kuja na kilomita zilizorudishwa nyuma, kwa hiyo taa iliyozimika si ushahidi wa lolote. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe, na uandike kilomita na tarehe kwenye daftari.

Si kila dizeli ina mkanda. Nissan yenye injini ya TD27 hutumia gia. Mitsubishi ya 4D56 ina mikanda miwili, mmoja mdogo wa shafti za kupunguza mtetemo, na ule mdogo ukikatika unaweza kuuharibu mkubwa. Kununua mmoja na kuacha mwingine ni kubana matumizi mahali pabaya.

Wakati wa kufanya kazi hii ni kati ya Mei na Agosti, mikorosho ikiwa inapuliziwa salfa na magari yana nafasi ya kukaa gereji siku mbili. Wakati uleule badilisha oili sili za mbele za kranki na kamshafti, kwa sababu oili inayovuja huulainisha mkanda mpya na kuumaliza kabla ya wakati. Kava la chini lirudishwe na boliti zake zote. Mchanga wa barabara za vijijini hupita penye tundu lolote.

Siku ya kuchukua gari, omba uzungushiwe mizunguko miwili ukiwa umesimama hapo, na uombe mkanda wa zamani. Ukiwa umelowa oili, uliza imetoka wapi. Ukiwa umelika upande mmoja tu, kuna puli iliyokaa upande, na mkanda mpya utalika palepale.