Karibu Buna: Utangulizi wa Masomo ya Wajir Kaskazini

Ukitoka Wajir mjini kwenda Moyale kwa njia ya zamani, unafika Buna ukiwa umeshavuka zaidi ya nusu ya safari. Magari husimama hapo, abiria wakanywa chai ya maziwa, waliochelewa na swala wakaswali, kisha safari ikaendelea. Watafiti nao wamezoea mtindo huohuo. Wanalala Wajir, wanahoji Moyale, na Buna wanaitazama dirishani. Kwa maoni yangu wamekuwa wakiupita mlango wenyewe. Mwanafunzi anayetaka kuielewa Kaunti ya Wajir, jiografia yake, watu wake na urithi wake, na aanzie Buna, kwa sababu hapa ndipo maelezo ya haraka kuhusu kaskazini yanapogoma kukubali.

Kaunti yenyewe ni kubwa. Ina zaidi ya kilomita za mraba 55,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 781,263. Inapakana na Somalia upande wa mashariki na Ethiopia upande wa kaskazini. Sehemu kubwa ni tambarare: mji wa Wajir uko kama mita 240 tu juu ya bahari, umekaa juu ya chokaa, na maji yake hupatikana kwa kuchimba visima vifupi. Mto Ewaso Ng'iro unaoteremka kutoka nyanda za juu huishia kwenye kinamasi cha Lorian, kusini-magharibi, na hata huko haufiki kila mwaka. Kadiri unavyopanda kaskazini nchi inabadilika. Vilima vya mawe vinajitokeza kimoja kimoja, udongo unakuwa mwekundu, na upande wa Bute na Gurar mvua ni nyingi kuliko Wajir mjini, kiasi kwamba wapo wanaojaribu kulima mahindi na maharagwe. Buna iko katikati ya hali hizo mbili.

Hesabu ya mwaka ndiyo somo la kwanza. Msomali wa Wajir atakutajia gu, mvua za kuanzia mwezi wa nne, halafu hagaa yenye upepo, kisha deyr, mvua za mwisho wa mwaka, na mwisho jilaal, kiangazi kikali kinachomaliza mifugo. Mzee wa Buna anayezungumza Kiborana atakutajia ganna, adolessa, hagayya na bona. Majira ni yaleyale, hesabu ni mbili, na watu wengi wa Buna wanazijua zote. Mvua za gu zikikosekana, familia huvumilia. Zikikosekana na za deyr, familia huanza safari ndefu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mizoga ya ng'ombe ilitanda kando ya barabara, na maboza ya maji yakawa ndiyo tegemeo la vituo vingi. Ngamia walistahimili zaidi, na tangu hapo nyumba nyingi zilizokuwa za ng'ombe zimeanza kuhamia kwa ngamia na mbuzi. Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Ngamia hula majani ya miti, ng'ombe hula nyasi. Anayebadili mnyama anabadili njia za kuhama, majirani wa malishoni, na kazi za mabinti na vijana wake.

Sasa watu. Vitabu vya shule hutuambia kwamba Wajir ni ya Wasomali, tena humaliza hapo. Koo kubwa za kaunti ni Degodia, Ajuran na Ogaden, na wapo Wagare pia. Wajir Kaskazini ni hasa nchi ya Waajuran. Waajuran hujihesabu kuwa Wasomali, ni Waislamu, na wanaweza kukuhesabia mababu mpaka pumzi ikuishie. Lakini lugha ya nyumbani kwa wengi wao ni Kiborana. Mtoto wa Buna huongea Kiborana na bibi yake, Kisomali dukani, Kiarabu cha Qurani kwenye dugsi anapoandika aya kwa wino wa makaa juu ya ubao, Kiswahili kwa mwalimu na kwa chifu, na Kiingereza kwenye karatasi ya mtihani. Ukimuuliza yeye ni nani hasa, atashangaa kwa nini unauliza.

Mtaalamu aliyetusaidia zaidi kulifahamu jambo hili ni Mjerumani Günther Schlee. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 alionyesha kwamba ukoo mmoja unaweza kupatikana kwa Warendille, Wagabra, Wasakuye, Wagare na Waajuran. Yaani ukoo ni wa zamani kuliko kabila. Watu walihama, wakapokewa na wenyeji, wakaishi chini ya ulinzi wao, na vizazi vikipita wakahesabiwa kuwa wao. Wasomali humwita mtu wa namna hiyo sheegat. Waajuran waliishi muda mrefu katika mapatano na Waborana, nao baadaye wakawapokea Wadegodia kwa mtindo huohuo. Ugomvi mwingi wa malisho tunaousikia leo una mizizi katika swali la nani alimpokea nani, na mapokezi hayo yalikwisha lini.

Wakoloni hawakupenda mambo ya namna hii. Walitaka kila mtu awe na kabila moja na kila kabila liwe na eneo lake. Walichora mstari, Waborana magharibi na Wasomali mashariki, na Waajuran wakawa kero kwa sababu walifaa pande zote mbili. Eneo hili, waliloliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, lilifungwa kwa sheria ya mwaka 1926, na ile ya 1934 ikawapa maafisa mamlaka makubwa juu ya watu wake. Kuingia na kutoka kukahitaji kibali. (Maafisa haohao walianzisha Wajir klabu ya mashua, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mzaha huo umeandikwa mara nyingi kuliko historia ya visima vyote vya kaunti, nami nauongezea mstari mmoja kwa shingo upande.) Vita vya Pili vya Dunia navyo vilipita hapa: Waitalia walipoiteka Moyale mnamo Julai 1940 walisonga kusini mpaka Buna.

Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta kwamba wakazi wengi wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Hawakusikilizwa. Vita vilivyoitwa vya Shifta vikadumu kuanzia 1963 mpaka 1967, yalipofikiwa mapatano ya Arusha chini ya usuluhishi wa Kenneth Kaunda, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Ndani ya miaka hiyo lilitokea jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa Wajir anayeruhusiwa kulikwepa. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa Kidegodia na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakashikiliwa siku kadhaa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika katika ripoti yake ya 2013 kwamba waliouawa walikaribia 1,000, na manusura wanataja idadi kubwa zaidi. Ukienda Buna au Wajir kuuliza habari za ngamia, mwenyeji wako huenda akawa mjane au yatima wa Wagalla. Uliza taratibu.

Ni kaunti hiyohiyo iliyoifundisha Kenya namna ya kusuluhisha. Uchaguzi wa 1992 uliwagonganisha Waajuran na Wadegodia juu ya kiti cha ubunge, na mapigano yakafika mpaka sokoni, wanawake wa ukoo mmoja wakawa hawanunui kwa wa ukoo mwingine. Wanawake wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia hapohapo sokoni: kila mmoja auze na anunue kwa yeyote, na anayebaguliwa atoe taarifa. Wazee wakafuata na Azimio la Al Fatah la mwaka 1993, na kamati ya amani iliyozaliwa Wajir ikaigwa katika wilaya nyingine. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na akafariki 2011. Wasomi wa sheria wana kazi kubwa hapa bado, kwa sababu Wajir mauaji mamoja huweza kupitia mahakama ya serikali, kadhi, na baraza la wazee wanaohesabu fidia ya ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Tofauti hiyo ya mwisho wanawake wenyewe wanaihoji, nao wana haki.

Urithi wa vitu vya mikono nao hautaki haraka. Chukua nyirinyiri. Nyama ya ngamia hukatwa vipande virefu, huanikwa mpaka ikauke, kisha hukatwakatwa tena vidogo kama punje za mahindi, hukaangwa, na kuhifadhiwa ndani ya samli. Ikitunzwa vizuri hukaa miezi. Ndicho chakula cha msafiri na cha mgeni wa heshima, na mama aliyeiandaa anajua kwa harufu kama samli ilitosha. Au tazama chombo cha maziwa cha kusukwa: hufukizwa kwa kijinga cha moto cha mti maalumu kabla ya kutiwa maziwa, na moshi huo huyapa ladha na kuyafanya yasiharibike upesi. Nyumba ya kuhama, aqal, ni mali na kazi ya mwanamke. Yeye ndiye anayeisimamisha, anayeibomoa na anayeipakia juu ya ngamia. Porini kuna hagar, utomvu wa mti wa jamii ya manemane, ambao wafugaji huutumia dhidi ya kupe na wafanyabiashara huukusanya kwa ajili ya masoko ya mbali. Makumbusho yetu yana vitu kama hivi vichache, vingi vikiwa na kibandiko kisichotaja jina la aliyevitengeneza.

Kazi zilizobaki ni nyingi. Visima vya kale vya Wajir na El Wak, ambavyo masimulizi huwapa Wamadanle, watu warefu waliotangulia, havijachimbuliwa na wanaakiolojia kama inavyostahili. Kama Waajuran wa leo ni uzao wa dola ya Ajuran iliyotawala kusini mwa Somalia karne zilizopita, wanahistoria bado wanavutana. Ripoti za makabidhiano za maafisa wa wilaya ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na zinahitaji kusomwa na mtu anayejua Kiborana na Kisomali, ili aone pale karani alipokosea jina la ukoo na kosa hilo likageuka mpaka.

Kwa hiyo karibu. Ukifika Buna, piga hodi kwa chifu na kwa wazee, kaa unywe chai, na uanze kwa kuomba majina ya visima na ya waliovichimba. Na kazi yako ikikamilika, rudisha nakala huko, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka.