Kalongolongo ya watu wazima: Jinsi nilivyomvuta mke wangu mchezoni

KWA muda mrefu mke wangu aliamini nina mpango wa kando.

Kila Jumamosi saa nane mchana nilikuwa nikitoka kwetu Free Area, napanda matatu hadi mjini Nakuru, kisha narudi saa mbili usiku nikitabasamu peke yangu. Akiniuliza nilikuwa wapi, namjibu, “Kucheza na wasee.” Kucheza nini? Hapo ndipo nilikuwa nakwama. Utamwelezaje mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani kwamba mumewe, baba wa watoto wawili, ameshinda akijifanya mchawi mwenye ndevu za kijani?

Mchezo wenyewe ni wa kuigiza wahusika. Mnaketi mezani, mmoja anasimulia mahali na tukio, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake. Msimulizi akisema mlango umefungwa, wewe unasema mhusika wako atafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Kwa kawaida hakuna mshindi. Mchezo maarufu zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Siku moja niliamua kumwonyesha mke wangu nisije nikavunja ndoa bure. Nikamletea kitabu cha sheria, kurasa zaidi ya 300, Kiingereza kitupu. Alikifungua, akatazama majedwali, akanirudishia.

“Mzee, hata KCSE sikusoma kitabu kinene hivi. Na bado mnasema mnacheza?”

Kosa la pili lilikuwa kumpeleka kwa wasee. Kila akifungua mdomo, mtu anamkatiza: “Hapana, sheria haikuruhusu.” Alivumilia nusu saa, ghafla akakumbuka ana nguo za kufua.

Aliyenifungua macho ni binti yetu wa miaka saba. Jioni moja nilimkuta kwenye ploti na wenzake wakicheza kalongolongo. Mmoja alikuwa mama, mwingine mtoto mgonjwa, mwingine daktari, na ugali wa matope ulikuwa tayari. Hakuna aliyewapa kitabu. Nikajiambia, kumbe ni hiki tu! Sisi tumeongeza dadu na majina magumu. Mke wangu hakuhitaji kufundishwa, alihitaji kukumbushwa.

Na usiniambie michezo ni ya watoto. Pale Hyrax Hill, ukitoka tu mjini kuelekea Nairobi, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Watu wa zamani wa hapa kwetu walikuwa na ng’ombe wa kuchunga, na bado walipata nafasi ya kucheza.

Basi kitabu nikakiweka juu ya kabati. Nikatafuta mchezo mwepesi, nikapata For the Queen, uliotungwa na Alex Roberts na kutolewa 2019. Hauna msimulizi wala dadu, ni kadi tu zenye maswali. Nyote ni wafuasi wa malkia aliye katika safari ya hatari. Unachukua kadi, unajibu swali kama mhusika wako, na hadithi inajijenga kutokana na majibu. Swali usilolipenda unaliruka. Kadi ya mwisho inauliza: malkia ameshambuliwa, utamtetea?

Niliazima wazo hilo, nikakata kadi kutoka kwa katoni na kuandika maswali yangu kwa Kiswahili. Malkia nikamgeuza kuwa bibi kizee tajiri anayetembea kwa miguu kutoka Menengai hadi Ziwa Baringo. Nilichagua Menengai kwa sababu hakuna mtu wa Nakuru anayehitaji kuelezwa kuhusu shimo lile. Kila mmoja amesikia masimulizi ya vita vya Wamaasai, mashujaa waliotupwa chini, na ule mvuke unaosemekana kuwa roho zao zikipanda mbinguni.

Nafasi ilijileta yenyewe. Mvua ilinyesha, stima ikapotea, watoto wakalala. Tukabaki watatu na mshumaa: mimi, mke wangu, na mama yake aliyekuwa amekuja kutoka Njoro.

“Mambo ya mizimu mimi sitaki,” mama mkwe akaonya.

“Mama, hii ni hadithi tu.”

“Kama ni hadithi, mbona husemi paukwa?”

Nikasema paukwa, akaitikia pakawa, tukaanza. Mama wa kanisa, asiyekosa ibada, akachagua kuwa mwizi wa mbuzi! Tulicheka hadi nikaogopa tutaamsha majirani.

Mke wangu alichagua kuwa hamali, mbeba mizigo wa bibi kizee. Akachukua kadi: “Kuna jambo gani ambalo kiongozi hajawahi kukuuliza?” Alinyamaza kidogo.

“Hajawahi kuniuliza kama nimechoka.”

Tukaendelea. Kadi ya mwisho ilipofika, mwizi wa mbuzi alimtetea bibi kizee kufa kupona. Hamali hakumtetea. “Anaweka mzigo chini,” mke wangu akasema. “Anaenda.”

Mama mkwe alipolala, nilimuuliza polepole, “Ule mzigo ulikuwa wa nani?”

Ndipo akaniambia. Anatoka kazini Jumamosi asubuhi, anafua, anapika, na wakati anataka kulala mimi naondoka na kumwachia watoto. Miezi yote hiyo nilidhani shida ni kwamba hapendi mchezo wangu. Shida ilikuwa Jumamosi.

Siku hizi naenda mjini Jumamosi moja, inayofuata nabaki na watoto yeye alale. Kadi tunazicheza Alhamisi usiku, siku yake ya mapumziko.

Kama nawe unataka kumwingiza mwenzako, anza na mahali anapopajua, si falme za mbali. Usimpe kitabu. Cheza saa moja, mwache akiwa bado anataka. Usimsahihishe, na akikataa swali, pita. Muhimu zaidi, alichosema mhusika wake si ushahidi wa kumletea mkigombana. Uliza mara moja kwa upole, na akisema ilikuwa hadithi tu, mwamini.

Juzi mama mkwe alipiga simu. Nilidhani anauliza kuhusu wajukuu.

“Yule mwizi wangu,” akasema, “alifika Baringo ama bado?”